Kwa Nini Wanaume Hupapasa Kidevu Kitupu

Zamani, kabla wembe haujajua kidevu cha mwanamume, ulikuwa kitu cha watoto wachanga tu. Mhunzi aliufua, bibi akautunza kitambaani, ukatolewa mtoto akitimiza arobaini, akanyolewa nywele alizozaliwa nazo, ukarudishwa. Wanaume walifuga ndevu tangu zilipochomoza mpaka walipozikwa nazo. Na walizifuga kweli. Zilipita kifua, zikapita kitovu, na wengine walizikunja ili wasizikanyage. Mke hakuhitaji kumuuliza mumewe amekula nini juzi, maana kilikuwa bado kipo.

Ungekuwa uchafu tu, wanawake wangevumilia, wamevumilia mengi. Shida ilikuwa baraza. Katika mji wa Kilongwe, mwenye ndevu ndefu kuliko wote ndiye aliyekata mashauri, na kabla ya kukata ilimpasa azipitishie vidole ndevu zake, kuanzia kidevuni mpaka nchani. Mkono ukiwa ndevuni, hakuna mzee wa kusema wala kukohoa. Vidole vikitoka nchani, hukumu itamkwe hapohapo. Vikikwama njiani, anarudi kidevuni, anaanza upya. Aliyebuni utaratibu huo hajulikani, ila mwanamke hakuwa.

Mwenye ndevu ndefu wakati huo alikuwa Mwinyigogo, mume wa Mwanatabu. Mwaka huo watu wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini waligombania zamu ya kuzoa tope kisimani, kila mmoja akisema ni ya mwenzake. Wakakifunika kisima kwa matawi ya miiba, asichote mtu mpaka shauri likatwe. Wanawake wakawa wanateremka bondeni, kwenye dimbwi wanamogaragara nguruwe pori. Hilo nalo wangelivumilia. Lakini Sikudhani, binti yake Mwanatabu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi yao mtoto hanyolewi ila kwa maji ya kisima cha mji. Asiponyolewa hatoki nje, wala mama yake hatoki. Arobaini ikaja, ikapita. Mtoto akawa na nywele za kufunika macho na jua hajaliona. Mama yake, katika chumba kile cha moshi, akaanza kukonda na kuongea na ukuta.

Kila jioni Mwanatabu alimuuliza mumewe.

"Baba Sikudhani, leo vidole vimefika wapi?"

"Kitovuni, mama. Kisha vikakwama."

"Na jana vilifika kitovuni."

"Shauri zito hili. Usinikimbize."

"Shauri ni tope la kisima, baba Sikudhani. Kilichokwama ni uji."

Alimchana, chanuo likakatika meno. Alimpaka mafuta ya nazi, ndevu zikateleza vizuri asubuhi nzima. Bwana akapita kichakani njiani kwenda barazani, akarudi ndevu zimejaa vishonanguo. Mwanatabu akamwomba azipunguze basi, kidogo tu. Mwinyigogo akamtazama kama mtu aliyeambiwa akate mguu.

"Nikizikata nitakuwa nani?"

"Babu wa yule mtoto aliyeko ndani."

Mwinyigogo akageukia ukutani, akalala. Ndevu zikachukua nusu ya kitanda, kama kawaida.

Siku Sikudhani alipokataa chakula, Mwanatabu hakupiga kelele. Kelele alikuwa amezimaliza. Aliufungua wembe wa mtoto kitambaani, akaunoa juu ya jiwe mpaka ukanyoa malaika ya mkono wake mwenyewe, akachukua kibuyu cha mafuta, akaenda moja kwa moja barazani, mahali ambapo mwanamke hakanyagi.

Wazee walimwona. Vinywa vyote vikafunguka. Lakini Mwinyigogo alikuwa ameshatia vidole ndevuni, na mkono ukiwa ndevuni hakuna mzee wa kukohoa. Wakabaki wamekodoa macho kama samaki waliovuliwa. Mmoja alipunga fimbo. Mwanatabu akampita kama anavyompita kuku mlangoni.

Akasimama nyuma ya mumewe, akamwinua kidevu, akammiminia mafuta. Yeye hakuwa mzee wa baraza, kwa hiyo ile sheria ya kunyamaza haikumhusu. "Tulia, baba Sikudhani," alisema. "Usije ukatikisika."

Mwinyigogo hakuweza kujibu, kwa sheria. Wembe ulipomgusa koo, hata sheria haikuhitajika. Mwanatabu alivuta ngozi kwa kidole gumba, akaanzia chini ya sikio la kulia, kra, kra, kama anaparua magamba ya samaki, akazunguka taya, akaja kidevuni. Hapo akasita. Chini ya zile ndevu palikuwa na kishimo, kishimo kilekile cha Sikudhani, na miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza binti yake amekirithi kwa nani. Kisha akamalizia upande wa kushoto.

Unywele wa mwisho ukaachia. Mkono wa Mwinyigogo ukamwangukia mapajani na ndevu zote zimo ndani yake.

Mwanatabu akapangusa wembe kwa upindo wa kaniki yake. "Haya. Vidole vimetoka. Sema."

Mwinyigogo akapapasa kidevu, hakukuta kitu. Akapapasa tena. Alipoona hana tena pa kujificha, akasema, "Ondoeni miiba. Mtaa wa juu na mtaa wa chini mtazoa tope pamoja, leo hii. Hata mimi nitashika jembe." Ni hukumu ambayo mtoto yeyote angeitoa siku ya kwanza.

Jua halijazama, mtoto alikuwa amenyolewa kwa wembe uleule na maji ya kisima, na Sikudhani amesimama naye uani, wote wawili wakifumba macho kwa mwanga. Babu alikuwa kisimani, tope mpaka magotini.

Na tangu siku hiyo wanaume hunyoa, na anayenyolewa huinua kidevu akanyamaza, hata awe msemaji namna gani. Na ukimuuliza jambo dogo kabisa, utamwona anapapasa kidevu kitupu, polepole, kama ana kazi kubwa. Anazitafuta. Mngoje kidogo, safari ya vidole siku hizi ni fupi. Vikishatoka na bado hajasema, mwonyeshe wembe ulipo.