Kitanda cha Pili

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme, maana simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mpaka machungani, alikuwako kijana wa Kisukuma jina lake Luhende, mtoto wa mzee Ndaki. Huyu Luhende alikulia nyuma ya ng'ombe. Alijua ng'ombe anayeumwa kwa kumtazama masikio tu. Basi alipochaguliwa kwenda chuo cha mifugo, huko kwenye milima yenye baridi, aliaga nyumbani kama mtu anayekwenda kufundisha, si kufundishwa.

Siku ya kwanza darasani, mwalimu wa anatomia, Madamu Kisanga, aliuliza nani anamjua ng'ombe. Mikono ikanyooka. Wa Luhende ukapita yote.

"Haya, ng'ombe ana mbavu ngapi?"

Luhende akafikiri. Akasema, "Inategemea, madamu. Akikonda zinaonekana zote."

Darasa zima likacheka, na Madamu Kisanga naye akageukia ubao ili wasimwone. Luhende hakucheka. Tangu siku hiyo akaapa moyoni kwamba hatauliza wala kujibu tena. Akawa anakaa nyuma, anaandika kila kinachosemwa bila kukielewa, akijipa moyo kwamba ng'ombe ni ng'ombe tu, siku ya mtihani watakutana.

Walikutana, na ng'ombe akashinda. Matokeo ya muhula wa kwanza yalibandikwa ubaoni Ijumaa, kwa namba bila majina. Luhende akaifuata namba yake kwa kidole: anatomia, ishirini na saba. Hiyo ndiyo wanafunzi wanaita sapu, yaani urudie mtihani baada ya wiki tano. Na ukianguka tena unadisko: unafunga virago, chuo kimekwisha.

Alikuwa bado amesimama pale simu ikaita. Baba yake. Mzee Ndaki alitaka kujua matokeo, kwa kuwa watu wa kijiji walikuwa wanamuuliza. Luhende akafungua kinywa kusema kweli, na kinywa kikasema kingine: amefaulu, amekuwa wa kwanza. Upande wa pili akasikia baba yake anamwita mtu amlete mbuzi. Jioni ile ile mbuzi akaliwa, na wimbo ukatungwa.

Sasa, chumbani kwao walilala vijana wanne. Luhende mwenyewe. Makame, Mpemba mpole aliyevaa sweta tatu kwa pamoja tangu alipofika mlimani. Tumsifu, Mchaga, ambaye hata soksi zake alizikunja kwa mstari. Na Mhina, Msambaa wa Lushoto, ambaye baridi ile kwake ilikuwa ya nyumbani, na mdomo wake haukujua kufunga. Luhende hakumwambia hata mmoja wao.

Jumapili mchana, wenzake wakiwa wanafua, alipanga nguo zake kwenye begi. Nyumbani asingeweza kwenda, na ule wimbo. Aliamua kupanda basi la Jumatatu asubuhi aende Shinyanga kwa binamu yake, auze vipuri vya baiskeli, na dunia imsahau. Makame aliingia kuchukua sabuni, akaliona begi, akamwona Luhende alivyogeuza uso. Hakuuliza kitu. Alichukua sabuni yake. Na alipotoka, kiatu kimoja cha Luhende, cha kushoto, kilitoka naye chini ya sweta.

Mnaweza kucheka, lakini mjueni Luhende. Alikuwa na pea moja tu ya viatu vya maana, na mtu wa chuo, hata anayekimbia chuo, hawezi kushuka stendi ya Shinyanga kwa ndala. Jumatatu asubuhi akatafuta kiatu. Makame akamsaidia kutafuta. Akainama uvunguni, akafunua magodoro, hata ndani ya ndoo akachungulia, uso wake mkavu kabisa. Basi likaondoka. Jumanne vilevile likaondoka. Jumatano kiatu kikaonekana chini ya kitanda cha Luhende, mahali alipokwisha kutafuta mara sita.

Lakini kufikia Jumatano mambo yalikuwa yamegeuka. Jumanne jioni Tumsifu alimkuta amejikunyata kitandani akamuuliza kwa nini siku mbili hakuonekana darasani. Luhende, amechoka na kiatu na amechoka na siri, akamwambia yote, mpaka habari ya mbuzi. Na Tumsifu si mtu wa kubembeleza.

"Ishirini na saba," alisema. "Hata anayebahatisha hupata zaidi. Wewe si mjinga, Luhende. Wewe ni mtu anayeogopa kuchekwa. Kesho baada ya chakula cha mchana uje karakana ya mifupa, na uje na chaki."

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana wakawa karakana, na mifupa ya ng'ombe imetandazwa mezani. Tumsifu anashika mfupa, Luhende anataja jina. Akikosea, Tumsifu anamwandikia jina lile kwa chaki juu ya mfupa na kumlazimisha aubebe mpaka saa ya chai. Watu wakamzoea Luhende akipita na paja la ng'ombe begani. Na kulikuwa na sharti moja zaidi: kila siku aulize swali moja darasani, la sivyo chai hanywi. Siku tatu za kwanza hakunywa chai. Siku ya nne alinyoosha mkono, akauliza kwa nini ng'ombe akivimbiwa huvimba ubavu wa kushoto. Madamu Kisanga akaweka chaki chini. Akasema kwamba hilo ndilo somo lenyewe la siku ile, na kwamba miaka mingi alikuwa anangoja mwanafunzi alianzishe yeye.

Kwa hiyo mifupa ikaingia kichwani. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo chaki haikuliweza. Kila Jumapili mzee Ndaki alipiga simu kumsalimia "wa kwanza" wake, na kila alipokata simu, yote aliyofundishwa Luhende yalimwagika kama maji kwenye kikapu. Akakonda. Ikabaki wiki moja tu, na Tumsifu akiuliza mfupa wa bega, Luhende anataja wa mguu.

Jumapili hiyo simu iliita Luhende akiwa bafuni. Mhina akaipokea. Akamwamkia mzee, wakataniana kidogo, kisha mzee akauliza: huyo wa kwanza wetu yuko wapi? Na Mhina, aliyeijua siri tangu masomo ya karakana yaanze, na ambaye Luhende alikuwa amemwapisha kwa jina la mama yake asiseme, akasema. Akasema ishirini na saba, akasema sapu, akasema kijana wako anakonda kwa aibu na wiki ijayo ana mtihani.

Luhende akaingia na povu masikioni. Mhina akamnyooshea simu.

"Ni baba yako. Anajua."

Luhende alishika simu kwa mikono miwili. Akaamkia. Mzee Ndaki akaitika, kisha akauliza, "Ng'ombe akinasa kwenye tope, unamficha au unaita watu?"

"Unaita watu, baba."

"Mbona mimi hukuniita?"

Luhende alilia, simu sikioni, na baba yake akamngoja. Alipomaliza, mzee akamwambia kwamba mbuzi amekwisha kuliwa na hatarudi, wimbo nao watu wameshaupenda, kwa hiyo afanye mtihani wake kwa utulivu, na akianguka, nyumbani ng'ombe bado wapo na nafasi yake mezani bado ipo. Siku hiyo Luhende alikula sahani mbili. Lakini hakumsemesha Mhina. Wiki nzima walilala chumba kimoja bila hata salamu.

Akafanya sapu. Akapata sitini na nane. Akamaliza mwaka.

Mnadhani hadithi imekwisha? Ndiyo kwanza inaanza kuuma. Mwishoni mwa mwaka chuo kilifungua jengo jipya la vyumba vya watu wawili wawili, vyenye madirisha yanayofunga na maji ya moto. Vyumba vilikuwa kumi tu, kwa hiyo ikapigwa kura. Atakayepata, aandike jina la mwenzake mmoja, na fomu ifike ofisini kabla ya saa sita mchana. Waliobaki watakaa jengo la zamani, ambalo upepo wake unaingia bila hodi. Kati ya wanne wale, kura ilimwangukia Luhende.

Asubuhi ya siku ile wakaketi chumbani na chai, fomu katikati yao. Luhende akasema hawezi kuchagua bila kuwasikiliza.

Makame akaanza, kwa sauti yake ya chini. "Kiatu chako nilikiiba mimi."

Luhende akamtazama. Tumsifu aliacha kukunja soksi.

"Nilikiiba, nikakutazama ukikitafuta, na nikasema uongo kwa siku tatu. Sijapata kufanya hivyo maishani mwangu. Lakini lau ungelipanda lile basi, Tumsifu angelimfundisha nani? Na Mhina angelimwambia baba yako nini? Mimi sisemi kwa baridi, ijapokuwa nnaumwa nayo. Nnasema kwa kiatu."

Tumsifu akakohoa. Alisema kwamba kumzuia mtu asiondoke si kumfaulisha. Hata kufuli linaweza. Yeye alitoa mchana wake kwa wiki tano, na mwisho wa mwaka, mtu aliyekuwa wa pili darasani akawa wa tisa. "Sikulalamika," alisema, "na wala sasa silalamiki. Ila mkitaka kuhesabu, hesabuni na hilo. Najua nilikutesa kwa maneno na kwa mapaja ya ng'ombe. Lakini sitini na nane zilitoka karakana."

Mhina, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alichelewa kusema. Kisha akasema kwamba kila Jumapili simu ilimwaga kile karakana ilichojaza wiki nzima, na wote walikuwa mashahidi. "Nilivunja kiapo. Nilijua utanichukia, na ukanichukia kweli. Makame alikuficha kitu, akabaki rafiki. Tumsifu alikutukana, akabaki mwalimu. Mimi peke yangu nilipoteza rafiki ili wewe upate nafuu."

"Na mimi?" Luhende aliuliza polepole. "Mtihani si niliufanya mimi?"

"Wewe kitanda chako unacho," Mhina akamjibu. "Tunazungumzia cha pili."

Wakacheka wote wanne, hata Luhende, ambaye mwaka mzima ulikuwa umemfundisha kuchekwa bila kufa. Kisha Tumsifu akatazama saa: ilikuwa tano na nusu.

Luhende akachukua fomu, akavaa viatu vyake vyote viwili, akaenda ofisini. Aliandika jina. Jina lenyewe ninalijua, na aliyelipata alilala kwenye joto mwaka mzima. Lakini sitalitaja, maana kila ninapolitaja watu hugombana mpaka chai inapoa. Semeni ninyi. Mmoja alimwibia asiondoke, mmoja alimtesa akajua, mmoja alimsaliti akapona. Je, kati yao, nani alistahili kitanda cha pili?