Kanga Anapika Nyanya

Paukwa!

Pakawa!

Lo, sauti gani hizo, kama hamjala tangu jana! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla nyanya hazijatiwa makoponi, Nungunungu aliishi peke yake pangoni, juu mlimani. Bondeni aliishi Kobe, bibi mzee mwenye bustani. Wanyama wote walimwita Nyanya. Hakuwazaa. Aliwalisha tu.

Mwaka wa ukame Nungunungu aliugua. Akalala chini, hoi. Nyanya Kobe akawa anampelekea uji. Kuru, kuru, kuru, anapanda mlima. Anafika, uji umeshapoa. Kesho yake tena, kuru, kuru, kuru. Mwezi mzima! Nungunungu akapona, akanenepa, miiba ikang'aa. Asante je? Hakusema. Aliona haya kwenda mikono mitupu. "Nitakwenda Ijumaa," akasema. Ijumaa ikapita. Nyingine ikapita. Watu wa Ijumaa mnawajua, wengine tumekaa nao hapa hapa.

Basi mvua ikarudi. Nyanya za bustanini zikaiva zote siku moja, nyekundu, tele, na jua lilikuwa kali. Kobe akamwita Kanga, fundi wa mapishi, wapike rojo la kulia tambi, watu wote wale. Kanga akamtuma Kasuku.

"Waambie wenzetu leo napika nyanya. Zimeiva sana, maganda nimeshamenya. Waje na vyombo."

Kasuku ni kasuku. Akaruka, puru! Njiani akasahau nusu ya maneno. Akatua juu ya pango.

"Kanga anapika nyanya! Kanga anapika nyanya!"

Nungunungu akatoka mbio. "Anapika nini?"

"Nyanya!"

"Nyanya yetu?"

"Nyanya yetu! Ya bondeni! Ganda keshamenya! Njooni na vyombo!"

Nungunungu moyo ukamruka. Nyanya Kobe amemenywa ganda! Akamwita jirani yake Digidigi, mwoga kuliko wote.

"Digidigi! Nyanya anapikwa!"

"Kwani amekosa nini?"

"Sijui! Chukua fimbo!"

Wakashuka mlima. Kacha, kacha, kacha, miiba inagongana. Nungunungu anakimbia, analia, anajilaumu. Ijumaa ngapi alikaa tu pale pangoni, mzima, miguu minne!

Wakafika. Sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Togo, togo, togo. Kanga kashika mwiko.

"Karibuni, mmewahi!" akasema. "Nangoja mafuta yaelee juu. Onjeni chumvi."

Digidigi akazimia papo hapo, pu!

Nungunungu akachungulia sufuriani. Nyekundu tupu. Fimbo ikamdondoka. Akapiga magoti, akasema na sufuria.

"Nyanya yangu, nisamehe. Ulipanda mlima kila siku kwa ajili yangu. Uji ulifika umepoa, nami nikanung'unika kuwa umepoa. Sikukuuliza hata siku moja, miguu haikuumi? Bila wewe ningekuwa mifupa. Asante, Nyanya. Najua nimechelewa. Asante, asante."

Machozi yakaingia sufuriani. To, to, to.

"Wee!" akapiga kelele Kanga. "Utanizidishia chumvi!"

Mara nyuma yao, kuru, kuru, kuru.

"Kumbe uji wangu ulikuwa unapoa?"

Nungunungu akageuka. Ni Nyanya Kobe! Mzima, na ganda lake mgongoni, na fungu la majani ya rehani, ya kunukisha rojo. Alikuwa amekwenda kuyachuma mwisho wa bustani, ndiyo maana akakawia.

"Nyanya! Hujapikwa?"

"Nipikwe na nani, mjukuu wangu?"

Kanga akaelewa. Akacheka hadi akakaa chini. "Nyanya zenye mbegu, wewe! Za kuchuma!" Digidigi akazinduka, akamwona Kobe, akazimia tena.

Lakini Nyanya Kobe hakucheka. Aliweka rehani chini, akamsogelea Nungunungu.

"Mwaka mzima nilidhani ule uji haukukupendeza," akasema. "Uliponyamaza, nikasema labda nilikusumbua. Nikaacha hata kuja kukujulia hali."

Nungunungu akainamisha kichwa. Aibu ilimchoma kuliko miiba yake.

"Sasa yale uliyoiambia sufuria," akasema Nyanya, "niambie mimi. Nikuone uso."

Nungunungu akainua uso. Akasema yote tena, polepole, tangu uji wa kwanza hadi wa mwisho. Nyanya akasikiliza kila neno, na machozi yakamtoka. Kisha rehani ikatiwa, tambi zikaletwa, rojo likamwagwa juu. Wakala, wakalamba vidole. Hakuna aliyelalamikia chumvi.

Fundisho lake ni hili: aliyekutendea wema, mshukuru angali anakusikia. Usingoje upate cha kubeba. Yeye anangoja neno lako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mbona bado mmekaa? Nendeni mkamwambie.