Mali Chini ya Kifusi

Bwana Lubango alipomaliza kuchimba dhahabu kijijini Nyamalele, aliacha shimo refu wazi na kilima cha kifusi kando yake. Afisa madini alimwamuru alifukie kabla ya kuondoka, kama sheria inavyotaka. Lubango alicheka tu, akaendelea kufunga mizigo.

Asubuhi moja Kabula, mjane wa pale kijijini, alimjia mbio.

"Bosi, nakuomba, kile kifusi usikiguse!"

"Kwa nini?"

"Chini yake kuna mali yangu. Ndiyo iliyonisomeshea watoto."

Macho yakamtoka Lubango. "Mali gani?"

"Nikitaja utaninyang'anya. Nenda zako salama, baba."

Lubango hakwenda. Aliita makatapila yake yote matatu. Pa kumwaga kifusi hapakuwepo ila shimoni, basi kikamwagwa humo siku nne mfululizo, mpaka shimo likajaa pomoni. Madereva walipofika chini, pale kifusi kilipokuwa, wakachimbuachimbua kila mahali, wasipate ila udongo mweusi.

"Wewe mama, mali iko wapi?" Lubango alifoka.

Kabula alivua kandambili, akaingia kwenye udongo ule uliochimbuliwa.

"Unaikanyaga, bosi. Ni shamba langu la mihogo, na ahsante kwa kunilimia."