Mtoto wa Simu ya Seng'enge

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi tu, baada ya vita kuu ya kwanza na kabla ya ile ya pili, huko Nebraska, Marekani, palikuwa na watu waliopigiana simu kwa seng'enge.

Msiniulize Nebraska nilikwenda lini. Mimi nikipanda basi la Dodoma natapika kabla ya Chalinze. Lakini hapa chuoni nimeshabishana kwa jazba kuhusu nchi nyingi nisizozijua, na kikombe cha mdahalo nikapewa, kwa hiyo hii moja hainitishi.

Nebraska ni nchi ya nyasi. Nyumba moja hapa, nyingine kule, na ukitaka kuazima chumvi unatandika farasi. Kampuni ya simu ikasema haiwezi kusimamisha nguzo kwa ajili ya watu waliotawanyika hivyo. Wakulima wakasema: nguzo si tunazo? Za uzio. Waya si tunao? Seng'enge. Wakavalisha nguzo shingo za chupa ili umeme usizame ardhini, wakaunga simu zao kwenye uzio, wakaanza kuongea. Ng'ombe akijikuna kwenye waya, unamsikia sikioni.

Sasa, uzio mmoja, nyumba nyingi. Kengele ikilia kwa mmoja, imelia kwa wote. Kwa hiyo kila nyumba ilipewa mlio wake. Wa daktari kule mjini: mfupi, mfupi, mfupi. Wa Bi Cora Tibbets: mrefu, mfupi, mrefu. Na ule mrefu usiokatika ulikuwa wa hatari, huo kila mtu apokee.

Sheria ilikuwa fupi: si mlio wako, usiguse mkonga wa simu. Kila mtu aliijua sheria, na kila mtu alinyanyua mkonga. Shida ni kwamba kila mkonga unaonyanyuliwa unakula sauti kidogo. Wakisikiliza wachache, sauti inapungua. Wakisikiliza wote, unabaki na sauti ya mbu ndani ya chupa.

Na adabu ya pale ilikuwa hivi: ulilolisikia kwenye waya, hukulisikia. Jirani anakuja kukuambia binti yake kaposwa, nawe posa yote uliisikia, hadi kikohozi cha bwana harusi. Unashika shavu: "Weee! Kweli?" Halafu unapika kahawa.

Basi, siku moja ya mvua ya barafu, mchana, Nettie Sorrell alikuwa nyumbani peke yake. Mumewe, Virgil, alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani kwa treni. Uchungu ukamshika kabla ya wakati. Angeweza kupiga ule mlio mrefu wa hatari. Aliona haya. Uchungu wake utangazwe uzio mzima? Akapiga wa daktari: mfupi, mfupi, mfupi.

Mikonga ikanyanyuliwa uzio mzima.

"Daktari, nina uchungu!"

"Una nini?"

"Uchungu!"

"Una chungu? Mama, mimi ni daktari, si mfinyanzi!"

(Najua, najua. Nebraska hawasemi Kiswahili. Wewe hapo nyuma teremsha mkono, hadithi ni yangu.)

Nettie akapiga kelele, daktari akapiga kelele, na kelele zote mbili zikaliwa njiani. Ndipo akasema Hulda Lindahl.

Hulda alikuwa mjane asiye na mtoto, na kwa kusikiliza alikuwa bingwa. Kiti chake cha kufumia alikiweka chini ya simu, na mto wa kiti ulikuwa umeshika umbo lake. Lakini msikilizaji hasemi. Msikilizaji akisema ni kama marehemu kukaa kitako kwenye jeneza.

"Wekeni mikonga chini!" akasema Hulda. "Nyote! Agnes, nasikia saa yako ya ukutani. Mzee Jorgen, unapumua kama fahali. Wekeni chini, mtu anajifungua!"

Ka. Ka. Ka, ka, ka. Sauti ikarudi kwenye waya kama maji bombani.

"Sasa nakusikia, Nettie," akasema daktari. "Lakini barabara ni kioo, na gari langu limelala mtaroni. Nani yuko karibu nawe?"

"Cora Tibbets," akajibu Hulda, kabla Nettie hajafungua mdomo.

Cora alikuwa jirani wa karibu kabisa, na mikono yake ilikuwa imetoa ndama na wanakondoo wengi kuliko mtu yeyote pale. Cora pia ndiye mtu pekee kwenye uzio ambaye hajawahi kusikiliza simu isiyo yake. Hajawahi! Mchana ule aliusikia mlio wa daktari ukilia, ukalia tena, ukalia tena. Akakalia mikono yake.

Msimcheke. Cora ni mimi. Mimi ndiye yule ambaye bweni likishika moto nitasimama na taulo kichwani kuuliza nani ameidhinisha kengele.

Hulda akapiga: mrefu, mfupi, mrefu. Cora, kwa kuwa ulikuwa mlio wake halali, akapokea.

"Cora, kimbia kwa Nettie, mtoto anakuja! Daktari amekwama, atakuongoza kwa simu!"

"Umejuaje?"

"Cora!"

"Nauliza, Hulda. Umejuaje?"

Hapo Hulda angeweza kudanganya. Angesema ameota. Lakini Cora angeanza kuuliza ndoto ilianza saa ngapi.

"Nimesikiliza!" akasema Hulda. "Nimesikiliza hii, na ya jana, na zote tangu uzio huu uanze kusema. Nimesikiliza hata siku ile ulipomlilia dada yako. Haya, umeridhika? Kimbia!"

Na uzio mzima ukamsikia akikiri, maana wale walioweka mikonga chini walikuwa wameshainyanyua tena.

Cora akakimbia. Njiani, pale uzio unapogawa shamba la Virgil na la jirani yake Emil Kovarik, akamkuta Emil amesimama na koleo la kukatia waya mkononi. Emil na Virgil walikuwa hawaamkiani kwa sababu ya fahali wa Virgil, aliyekuwa na tabia ya kuruka uzio na kuingia kwa ng'ombe wa Emil bila hodi. Dakika ile ile Emil alikuwa amekata waya. Alisema moyoni, "Upande huu seng'enge ni yangu. Virgil akitaka kuongea na watu, apige mbinja." Lakini kumwona Cora akikimbia kulimshtua. Cora hakukimbia hata siku nyuki walipoingia kanisani.

"Kuna nini, Bi Cora?"

"Nettie anajifungua! Daktari ataniongoza kwa simu!"

Akapita. Emil akatazama koleo. Akatazama waya. Seng'enge iliyokatwa inajikunja, na ncha zake hazikufikiana tena. Akatupa koleo, akashika ncha ya huku, akashika ncha ya kule, akajitanua. Emil akawa waya.

Miiba iliingia viganjani, barafu ikaingia kolani. Maneno yalipita mwilini mwake bila kumdhuru. Kengele ndiyo ilikuwa balaa, maana mtu akizungusha mpini wa simu ili kengele ilie, anasukuma umeme. Daktari akapiga kuirudisha laini: mfupi, mfupi, mfupi. Emil akaruka, akaruka, akaruka, na hakuachia. Halafu majirani, Mungu awasamehe, baada ya ule ukimya wakaanza kupigiana: "We, umesikia kitu?" Kila kengele Emil alicheza ngoma peke yake kwenye barafu, akiwalaani kwa majina.

Ndani ya nyumba, simu ilikuwa ukutani jikoni, kwa hiyo Nettie alilala jikoni, sakafuni, chini ya simu. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mikono yote miwili ya Cora ilikuwa na kazi. Nani amshikie mkonga? Akaushika Nettie. Ndiyo, mzazi mwenyewe! Aliunyoosha juu mpaka sikioni kwa Cora, huku yeye akiuma kona ya kanga... samahani, ya shuka.

"Usivute," daktari alikuwa akisema. "Ngoja. Geuza taratibu. Sasa!"

Mtoto akatoka, wa kike, kimya. Kimya kwenye sakafu, kimya kwenye waya, kimya kila jikoni. Kisha akalia. Kilio kikaingia kwenye mkonga, kikapita seng'enge, kikapita kifuani mwa Emil, kikafika nyumba zote. Emil alisema baadaye kwamba kilimtekenya mbavu.

Hapa hadithi zenu nyingine zingeisha. Yangu ndiyo inaanza kunikera.

Watu wale walikuwa na desturi: mtoto aliyeponea mikononi mwa mtu huitwa jina la mtu huyo. Na mtu huyo anakuwa somo yake, anakaa benchi la mbele siku ya ubatizo, na mezani kwa wazazi ana kiti chake maisha yote.

Hulda alikihitaji kiti hicho kuliko wote, maana alikuwa amepoteza vingine. Tangu siku ile, akiingia kanisani wanawake walinyamaza na kutandaza shali zao kwenye benchi, eti pamejaa. Agnes, mwenye saa ya ukutani, ndiye aliyetandaza shali pana kuliko wote. "Siwezi kukaa na mtu anayesikiliza simu za watu," alisema. Agnes! Ambaye saa yake tuliisikia wote! Mimi hapo ningepanda juu ya benchi nidai ushahidi, mchungaji anitoe nje, nihutubie farasi.

Virgil aliporudi, Hulda, Cora na Emil wakakutana jikoni kwake.

Hulda akasema, "Mpeni jina langu. Mngeendelea kusikiliza kwa adabu, mtoto angekufa kwa adabu. Mimi nilisema, na kwa kusema nimepoteza kila mlango."

"Na nani alikuwa anakula sauti ya Nettie?" akauliza Cora. "Si wewe wa kwanza? Umezima moto ulioupulizia. Mpeni jina langu. Mikono iliyomtoa ni hii."

"Mikono iliyokaliwa!" akasema Hulda. "Ulisikia mlio wa daktari mara ngapi? Ungekuwa na udaku hata wa kijiko kimoja, ungefika saa nzima mapema."

Cora akawa mwekundu. "Nilishika sheria."

"Ungemzika nayo."

Emil akaweka mezani viganja vilivyofungwa vitambaa. "Mpeni langu. Aitwe Emilia. Bi Hulda alisema maneno, Bi Cora alisikia maneno. Maneno yenyewe yalipita wapi? Yalipita hapa." Akajigonga kifua kwa kiwiko.

"Na waya uliukata wewe," akasema Virgil.

"Fahali ni wako!"

"Fahali hana koleo!"

"Mimi kama baba," akaendelea Virgil, akivuta suruali juu, "nadhani..."

"Wewe ulikuwa kwenye treni," akasema Nettie.

Wakageuka wote. Nettie alikuwa pale muda wote, na mtoto begani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Hoja ya utaratibu, mwenyekiti! Mwanamke kabeba mimba, kazaa sakafuni, kashika simu kwa mkono wake mwenyewe, halafu kikao kuhusu jina kinafanyika juu ya kichwa chake kama kinahusu fahali! Naam, nimekaa. Nimekaa.

"Hata wewe, mke wangu," akanung'unika Virgil, "ungepiga ule mlio mrefu, wote wangepokea kwa halali, na Cora angekuwa wa kwanza."

"Ningeupiga," akasema Nettie, "kama kungekuwa na mtu hata mmoja kwenye uzio huu anayejua kusikia bila kusimulia. Nendeni nyumbani. Jioni nitapiga mlio mrefu, nitataja jina mara moja tu. Sirudii. Na asije mtu hapa kuniuliza."

Jioni ikafika. Kengele ikalia mlio mrefu usiokatika, na kwa mara ya kwanza kwenye uzio ule, pasipo hatari yoyote, kusikiliza kukawa halali kwa kila mtu. Hulda aliutazama mkonga kwa aibu, kama mtu anayekaribishwa chakula alichozoea kuiba. Cora aliunyanyua akiwa amevaa viatu vya kanisani. Emil aliubana kwa viwiko. Agnes aliunyanyua, saa yake ikigonga. Mzee Jorgen aliunyanyua, akipumua. Daktari aliunyanyua kule mjini. Hakubaki mkonga hata mmoja ukutani.

"Mwanangu," akasema Nettie, "anaitwa..."

Mbu ndani ya chupa.

Ka. Nettie akaweka mkonga chini.

Hulda aliapa moyoni kwamba alisikia "Hu". Emil alisikia "Emi", dhahiri kabisa. Cora alisikia "ra" mwishoni, na Cora hasemi uongo. Na watu wale, waliozoea kujifanya hawakusikia walichosikia, sasa wakaanza kujifanya wamesikia ambacho hawakusikia.

"Umesikia jina?"

"Nimesikia. Zuri sana."

"Zuri, eh?"

"Linamfaa."

Nami nilitega sikio hapa hapa nilipokaa, na ninaapa nilisikia langu.

Basi Jumapili ndiyo hii. Mchungaji ana maji mkononi, mtoto amevalishwa nyeupe, na benchi la mbele lina nafasi moja ya somo, haina shali. Aliyekula sauti kisha akairudisha amesimama mlangoni. Aliyekata waya kisha akawa waya amesimama mlangoni. Aliyeshika sheria kisha akamshika mtoto amesimama mlangoni. Na aliyeshika mkonga, ambaye peke yake anajua alichosema, amenyamaza.

Je, nani alistahili kwenda kukaa pale? Semeni, lakini mmoja mmoja, tafadhali. Mkisema wote, sitasikia.