Karantini ya Bwana Fisi

Kaeni vizuri, na mwenye karanga asitafune kwa kelele, maana hadithi hii ina watu wenye njaa.

Nchi ya tembo ilipigwa na ukame. Mwaka gani, msiniulize, hata aliyenihadithia mimi hakuwa na hakika. Mito ilikauka, visima vikatoa vumbi, na Mama Tembo akaona akiendelea kukaa atakufa na kiu. Akafunga safari kwenda ugenini, nchi ya Simba, ambako mto haukujua kukauka. Hakubeba sufuria wala mkeka. Alimbeba Madoa tu.

Madoa alikuwa kanga, na makazi yake yalikuwa kichwani kwa Mama Tembo tangu alipototolewa. Kwao tembo kila mtu ana mnyama wake wa kufuga, si wa kula, wa kuzungumza naye tu. Lakini huko ugenini, lo! Kila waliyekutana naye njiani alimeza mate.

"Mama, kitoweo hicho utakichinja lini?"

"Utatubakizia japo shingo?"

"Haliwi huyu, jamani, huyu ni mwanangu," Mama Tembo alijibu kwa upole, nao wakacheka hadi wakakaa chini.

Kwenye kivuko cha mto akamkuta Fisi. Fisi mnamjua, hata akishiba mate hayamkauki. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya njia, kifua mbele, uso ameukunja kama hakimu.

"Simama hapo! Wewe pita, karibu nchini. Huyo ndege hapiti."

"Kwa nini, bwana?"

"Sheria ya Mfalme Simba. Mnyama yeyote wa kufugwa anayetoka nje anakaa kwanza karantini, tusije tukaletewa maradhi. Na karantini ni pangoni kwangu. Hutaki, geuza urudi kwenu."

Mama Tembo akatazama nyuma, vumbi. Akatazama mbele, maji. Angeweza kumkanyaga Fisi akabaki alama tu, lakini alikuwa mgeni, na mgeni hana sauti. Akamshusha Madoa taratibu, machozi yakimtiririka hadi ncha ya mkonga.

"Chakula chake utaleta mwenyewe," Fisi akaongeza. "Mtama na karanga. Na usimpunje mgonjwa."

Basi ikawa kila asubuhi Mama Tembo anapeleka mtama mlangoni mwa pango, na kila asubuhi Fisi anataka zaidi. "Bado mwembamba huyu," anasema. "Akinenepa tu, karantini yake imekwisha." Hapo, mjue, hakusema uongo.

Sungura alikuwa jirani. Alichoshwa na kilio, akaja masikio yamesimama.

"Jirani, unalia nini na maji unayo?"

Mama Tembo akamweleza. Sungura akakuna shavu. "Na waliotangulia kuingia karantini, walitoka?"

Nungunungu, mgeni mwingine, alikuwa anakunywa maji pembeni. Akainua kichwa. "Kware wangu hakutoka. Fisi aliniambia amekufa kwa homa ya ugenini. Tulilia wote wawili. Tena yeye alilia kunishinda."

"Ukamzika wapi?"

"Sikumzika. Fisi hakutaja maziko, nami nikadhani huku hamziki. Nikaona haya kuuliza."

Sungura akapiga kofi la mshangao. "Hatuziki? Nungunungu wewe! Huku panzi akifa tunakaa matanga! Wali unapikwa, na hata aliyekuwa adui yake anakuja, tena ndiye anayekula sana. Msiba usio na kaburi wala matanga si msiba, ndugu yangu. Hicho ni chakula cha mchana cha mtu."

Miiba yote ya Nungunungu ikasimama. Mama Tembo naye akapiga yowe, akataka kwenda kulibomoa pango.

"Tulia!" Sungura akamshika mkonga. "Ukilibomoa, Madoa yumo ndani. Akipona na kifusi, wewe utafukuzwa kwa kuvunja sheria. Anayesemwa ameitunga sheria ndiye aje aifute."

Akamwendea Simba, akamkuta amelala anajichana manyoya ya shingo.

"Karantini?" Simba akashangaa. "Mimi sijatunga kitu hicho."

"Fisi anasema umemtuma wewe, Mtukufu."

Simba akaruka kwa ghadhabu. "Nitanguruma asikie!"

"Ukinguruma atatoroka, na ushahidi atakuwa ameubeba tumboni. Afadhali umkute kwenye kazi yake. Tukufunike jamvi, nikuingize karantini kama kipenzi changu."

"Nani? Mimi? Nifugwe? Na sungura?"

"Kwa muda mfupi tu, Mtukufu."

"Abadan! Wazee wangu watageuka makaburini."

"Sawa," Sungura akasema, akaanza kuondoka. "Basi Fisi aendelee kutawala kwa jina lako. Na anaweza, si haba."

Pumzi ikamtoka Simba puani. "Lete hilo jamvi," akasema. "Lakini kamba iwe nzuri."

Jua likiwa utosini wakafika pangoni, Sungura mbele na kamba, nyuma yake jamvi linatembea. Mama Tembo na Nungunungu wakajificha vichakani. Fisi alipoona ukubwa wa jamvi, ulimi ulimtoka wenyewe.

"Karibu, karibu! Kipenzi chako hicho? Kinakula nini?"

"Nyama."

"Kinauma?"

"Hakijawahi kumuuma anayekiheshimu."

Fisi akapapasa jamvi. "Ala! Mapaja haya!" Kutoka ndani meno yakasikika yakisagana. "Mbona kinatetemeka?"

"Kina haya ya ugenini. Lakini Bwana Fisi, una hakika Mfalme ameruhusu?"

"Mfalme?" Fisi akacheka kicheko chake kile. "Yule kichwa chake kimejaa nywele tu. Mimi ndiye ninayefikiri kwa niaba yake. Nenda zako, nami nikuambie mapema tu, kipenzi chako nakiona kina dalili za homa. Sidhani kama kitafika jioni."

Sungura alipompa kisogo, Fisi akalifunua jamvi kwa mikono miwili.

"Ni kweli," Simba akasema. "Naumwa. Hebu nishike paji la uso, mganga wangu."

Fisi hakushika kitu. Kibao kilimwangukia kiunoni kabla hajapata la kusema, akabingirika hadi nje, na tangu hapo kiuno chake kimeshuka. Pangoni humo Simba akaona rundo la manyoya ya kila rangi. Akaona aibu, kwa kuwa yote yalikuwa yameliwa kwa jina lake, na hapohapo akatangaza kwamba mgeni ataingia na kipenzi chake, na atakayekimezea mate atakuja kueleza kwake.

Madoa akatoka mwisho, amenenepa hata hawezi kuruka. Mama Tembo akamwinua kwa mkonga, akamweka kichwani, akalia na kucheka pamoja. "Mwanangu! Umekuwa mzito, mwanangu!" Nungunungu yeye aliingia peke yake. Akachambua lile rundo hadi akapata manyoya ya kware wake, akatoka nayo ili akayazike kama wanavyozika wenyeji.

Njiani akamkuta Fisi amelala kando, anagugumia.

"Ndugu Nungunungu, kiuno changu! Hata pole huniambii?"

Nungunungu akayakumbatia manyoya yake, akampita.

"Mwiba wa kujidunga," akasema, "hauambiwi pole."