Kura ya Duma Yapigwa Uwanjani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nyinyi wa nyuma mmemeza ulimi? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Haya, kaeni. Ninayo moja, imeniwasha kooni tangu asubuhi."

Hapo zamani za kale, wanyama walipenda mpira kuliko chakula. Kulikuwa na timu mbili. Timu ya Mlimani ilikuwa na nguvu. Timu ya Bondeni ilifungwa mwaka huu, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafungwa tena.

Kila mwaka, kijana hodari aliyefikia umri wa kucheza alipigiwa kura ya kujua ataingia timu gani. Bondeni, kwa unyonge wao, waliruhusiwa kutia kibuyuni mbegu tatu za ukwaju. Mlimani walitia punje moja ya hindi. Msimamizi wa kura alikuwa Fisi. Aliingia na kibuyu pangoni, akachomoa mbegu moja peke yake. Mashabiki walikaa nje wakipiga miayo, mpaka Fisi atoke aseme, "Mlimani!" Kila mwaka, Mlimani.

Safari hii kijana alikuwa Duma, na mbio zake mwazijua. Kanga, kiongozi wa mashabiki wa Bondeni, akaenda kwa Mfalme Simba.

"Mfalme, kura ipigwe uwanjani, tuione."

"Kura ni siri!" Fisi akafoka.

"Mzee Fisi, harusi ya siri nani huichezea ngoma?" Kanga akamjibu. "Tuchomoe na kurudisha, tuchomoe na kurudisha. Timu itakayotangulia kutoka mara tatu ndiyo imchukue Duma. Na wachomoaji wawe mashabiki."

Simba akacheka. "Hata mimi nimechoka kusinzia mlangoni. Na iwe hivyo."

Siku ikafika, uwanja ukafurika. Fisi akapewa kibuyu akitikise. Akainama, na kufumba na kufumbua akazitia mdomoni mbegu za ukwaju. Kanga akaanzisha wimbo:

"Chomoa, chomoa!"

"Tuone!"

Wote wakaitikia, isipokuwa Fisi.

"Fisi, huimbi?" Simba akauliza.

"Mmh."

Wakaimba tena.

"Fisi, huimbi?"

"Mmh-mmh."

Mara ya tatu Simba hakuuliza, alinguruma. Fisi akashtuka, akaachama, mbegu zikamdondoka: pwa, pwa, pwa!

Uwanja mzima ukamzomea, hata wa Mlimani. Akatimua mbio, mkia katikati ya miguu.

Mbegu zikarudishwa. Nyani akachomoa: ukwaju! Tembo akachomoa: hindi! Kima: ukwaju! Ngedere: hindi! Mbili kwa mbili.

Zamu ya Nguchiro, shabiki wa Mlimani tangu kuzaliwa. Akafumba macho. Mkono ukaingia, ukatoka.

"Ukwaju," akasema.

Lo! Bondeni wakalipuka kwa vigelegele. Kanga akaruka huku akilia. Duma akabebwa juu juu.

Nguchiro akamwendea Kanga, akampa mkono. "Mmempata, dada. Lakini nimeona kwa macho yangu. Mwakani nitawahi kiti cha mbele."

Mwaka huo Bondeni waliwafunga Mlimani mabao matatu, na kombe likashuka bondeni kwa mara ya kwanza.

Basi wanangu, jambo la wengi lifanyieni mbele ya wengi. Hapo mshindi hufurahi bila shaka, na aliyeshindwa hurudi tena kutazama.

Yangu yameishia hapo. Yakiwa matamu, ondokeni nayo. Yakiwa machungu, niachieni mwenyewe.