Jinsi Shangwekulo Ilivyolimeza Swali

Zamani, kabla siasa haijawa ngoma, mgombea aliyefika Sikulu hakuruhusiwa kufungua mdomo kabla ya kuulizwa. Aliketishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja wa soko, kofia magotini, watu wakamuuliza mpaka wao wenyewe wachoke. Waliozoea kunguruma kwingine walitoka hapo wamelowa jasho kama wezi wa kuku. Na shangwe ilikuwa shangwe tu. Haikuwa ya mtu.

Nasambu alikulia huko, kwa shangazi yake, Senge Nelima. Alisomea isimu chuo kikuu, akapata first class, akarudi kwa Senge kukaa. Ofisi zote alizobisha zilimwambia, "Tutakupigia." Nani alipiga? Labda mbu.

Msimu wa kura ulipofika, mpambe wa mgombea mmoja, Wekulo, akamfuata nyumbani.

"Sister, si wewe ndiye wa mambo ya lugha? Boss anaogopa kile kigoda chenu. Tupe neno tamu, watu wapagawe. Ukifanya hivyo, kazi kaunti ni yako."

Nasambu akaishika shangwe, akamshika Wekulo, akawashona pale walipofanana.

"Shangwekulo."

"Wueh! Hiyo imeiva!"

Siku ya mkutano, Senge Nelima alikuwa wa kwanza kusimama, akiegemea mkongojo. Kisukari kilikuwa kimemla mguu.

"Mwanangu Wekulo, zahanati yetu haina dawa. Sisi wagonjwa utatu—"

"Shangwekulo!" mpambe akapaza sauti.

Uwanja ukaitika. Senge akaanza upya, wakaitika tena, vumbi likatimka. Wekulo akainuka kigodani akacheza. Nasambu aliiona midomo ya shangazi yake ikienda bila sauti, na wakati huohuo ulimi wake mwenyewe ulikuwa ukiitikia.

Wekulo akashinda. Kazi ikaenda kwa mpwa wake, bingwa wa kutoroka shule. Senge akafa kabla ya mvua kunyesha, na mheshimiwa alipofika matangani, waombolezaji wakajisahau, wakaimba Shangwekulo mbele ya jeneza. Mpinzani wake, Makokha, alipoona hivyo akajitafutia lake: Homakokha.

Na tangu siku hiyo, kila msimu wa kura jina la mtu hushonwa na furaha au na homa, watu wakalipokea kabla hawajajua mwenye jina anataka nini. Anayethubutu kuuliza hudakwa na swali: "Wewe umetumwa na nani?" Naye huketi. Hakutumwa. Anaumwa.